Pua Iliyonyweshwa Ulanzi

Rustika Ngonyani aliinama juu ya jiwe, akaitumbukiza pua mtoni na kungoja ionje maji.

Kilikuwa chombo kidogo cha kutosha kiganjani, chenye mkanda wa kuvaa shingoni, na wafanyakazi wa Taasisi ya Uhai walikiita pua kwa sababu kazi yake ilikuwa kunusa. Kiumbe akipita majini huacha kitu chake: jasho, mkojo, chembe ya ngozi isiyoonekana kwa macho. Pua huvisoma vitu hivyo na kumtambua mwenyewe. Ikimpata anayetafutwa, taa yake huwa ya kijani. Isipompata, hubaki na rangi ya majivu.

Ilibaki na rangi ya majivu.

"Imenuna tena?" sauti ikauliza nyuma yake.

Rustika hakushtuka. Tangu apande huku Ivangala hakuwahi kufika mtoni peke yake. Kila mara alikuta mtu ana shughuli palepale alipo. Jana alikuwa mwanamke aliyefua shuka ambalo halikuwa na doa. Juzi alikuwa mzee aliyetafuta mbuzi wake vichakani, na Rustika aliporudi kijijini alimkuta mbuzi huyo amefungwa zizini, anatafuna kwa raha zake. Leo alikuwa Chavala, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kijana mrefu mwenye kisu cha kugemea kiunoni na koti zito la baridi.

"Imenuna," Rustika akasema. "Mto wenu hauna kitu."

"Mto una maji. Ninyi Wangoni mlitaka uwe na nini, wali?"

"Tungependa uwe na samaki, muwahurumie mbwa mnaowala."

Chavala alicheka, akanyoosha mkono kumsaidia kuvuka jiwe lenye utelezi. Rustika akaushika. Hapo ndipo alipohisi kitu. Kidole cha shahada cha Chavala kilikuwa laini mno. Vingine vilikuwa vigumu kama magome, vimejaa makovu ya kisu, lakini hicho kimoja kilikuwa cha rangi ya waridi, hakina kovu wala sugu, kama kidole cha mtoto mchanga kilichorefushwa.

"Kidole hiki umekipata wapi?" akamwuliza, bado amekishikilia.

"Nilikikata nikigema," Chavala akasema. "Nikala mbwa mzuri, kikaota."

Akauchomoa mkono wake, akautia mfukoni mwa koti, akatangulia njiani akipiga mluzi.

*

Salamanda si mnyama wa milima hii. Ana umbo la mjusi na ngozi ya chura, na kwao ni nchi za baridi. Akikatika mguu huota mwingine. Watu wa Taasisi walimchukua, wakamgeuza mbegu yake, wakapata salamanda ambaye ute wa ngozi yake huotesha hata nyama ya binadamu. Wakamfuga kwenye matangi, na waliobaki wakawamwaga kwenye mito ya milimani, kila bonde na kundi lake, wawe akiba.

Kisha ukaja ugonjwa wa ukungu. Ukawaua kwenye matangi, ukawaua mitoni, na vyura wote wa asili wakaenda pamoja nao. Dawa ya ute ikaadimika. Ndiyo maana Taasisi ilikuwa imetawanya watafutaji, mmoja kila bonde, kuona kama wapo waliosalia. Bonde la Luhomelo walipatikana wachache. Rustika alikuwepo. Aliona bonde likifungwa, uzio ukiwekwa, watu wakiteremshwa kwa malori hadi nyumba za uwandani kwenye joto. Alimkumbuka mzee mmoja aliyetoka nje kila asubuhi na kuuliza ukungu wa mlimani umekwenda wapi. Salamanda wa Luhomelo walitiwa matangini, nao wakafa. Dawa yao ilitosha msimu mmoja tu.

Lakini msimu mmoja ndio alioutaka Rustika. Mama yake alikuwa amelazwa Songea na kidonda cha kisukari mguuni. Madaktari walikuwa wamesema wazi: ikipatikana dawa ya ute, mguu utapona, isipopatikana, utakatwa. Na Taasisi ilikuwa imeahidi kwamba mtafutaji atakayepata taa ya kijani, mgonjwa wake atatangulia wote.

*

Siku aliyofika Ivangala, mwenyekiti wa kijiji alimpokea uani kwake, mbele ya watu. Alikuwa bibi mfupi, mnene, aliyejifunga mablanketi mawili, jina lake Ambina Kihwele. Rustika alipiga goti kidogo.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene. Nani wewe?"

"Rustika Ngonyani, Bibi. Natoka Songea."

"Mngoni," bibi akasema, akawageukia watu. "Nani kaacha geti wazi?"

Uani pakalipuka kicheko. Wahehe kama hawa na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, halafu wakawa watani. Mtani husema lolote, hakasirikiwi. Huchukua chochote chako mbele ya macho yako, na huwezi kumshtaki. Msiba ukikupata, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha huku akichimba kaburi. Rustika alikulia katika mambo hayo, na moyo wake uliokuwa umekaza njia nzima ukalegea.

"Mlitoka kusini mnakimbia," Bibi Ambina akaendelea, "kumbe mpaka leo hamjafika?"

"Tumesimama kidogo, Bibi, tufiche mbwa wetu."

"Huyo wako anaitwa nani? Napenda kumjua kwa jina kabla sijamtia chumvi."

Walipomaliza kucheka, bibi akamwuliza alichofuata. Rustika akasema salamanda.

"Wale mijusi wenye ute? Umechelewa, Mngoni. Tuliwalevya ulanzi, wamelala huko mianzini. Hawaamki hata kwa kengele ya kanisa."

Rustika alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake alidamka kwenda mtoni.

*

Baada ya kukiona kile kidole hakucheka tena kwa moyo. Alianza kutazama mikono ya watu. Mwanamke aliyemletea ugali alikuwa na sikio moja changa, jepesi, lililopitisha mwanga hadi upande wa pili. Mzee wa mbuzi alikuwa na kipande cha kisigino kisicho na mpasuko, na kile kingine kimepasuka kama udongo wa kiangazi. Akiwauliza walijibu kwa mzaha, na mzaha ulikuwa mtamu kiasi kwamba usingeweza kuuliza mara ya pili bila kuonekana mchoyo wa kicheko.

Alianza kukinusa chakula kabla ya kula. Alianza kulala na pua ndani ya nguo. Aliupima mto kuanzia maporomoko ya juu hadi kwenye kivuko, akapima visima, akapima hata maji ya kunyweshea ng'ombe. Majivu matupu. Kama salamanda hawamo majini, watu hawa wanapata wapi ngozi za watoto?

Jumapili, baada ya ibada, walimwita kwa Bibi Ambina kunywa ulanzi. Ulikuwa msimu wake. Mianzi michanga ilikuwa imekatwa ncha mlimani kote, na chini ya kila ncha ilifungwa mbeta, kile kikombe cha pingili ya mwanzi, ikidondokewa na utomvu mchana na usiku. Watu walikaa kwenye magogo wakipokezana. Uliotundikwa siku nyingi ulikuwa mkali, wenye povu, na Chavala alikuwa ameanza nao mapema.

"Mngoni," akaita, sauti imeshapanda, "hiyo pua yako inajua kunusa kweli, au umetundika jiwe shingoni?"

"Inajua kuliko mbwa wako marehemu."

"Mbona kila siku inakunywa maji tu? Hata askofu angenuna." Akainuka na mbeta yake, akayumba kidogo. "Inyweshe ulanzi. Ikilewa itakuimbia mijusi walipo."

Watu wakacheka, wakashangilia. Rustika naye akaona si vibaya, siku yenyewe ya mapumziko. Akaivua pua, akaitumbukiza kwenye mbeta ya Chavala, akaishika kama mtu anayemnywesha mtoto uji.

"Chavala," Bibi Ambina akasema.

Alilitaja jina hilo taratibu, lakini alikuwa amechelewa. Ndani ya povu jeupe iliwaka taa ya kijani.

Kicheko kilikatika uani pote. Mama mmoja akamnyanyua mtoto wake, akaingia naye ndani. Chavala aliitazama mbeta yake kana kwamba imemtukana, kisha akaiweka chini polepole sana, kwa mikono miwili.

"Vaa pua yako, mwanangu," Bibi Ambina akamwambia Rustika. "Twende nikuonyeshe."

Tangu afike hakuwa ameitwa mwanangu. Siku zote alikuwa Mngoni. Neno hilo la heshima lilimtia baridi kuliko kisu cha Chavala.

*

Mianzi ilikuwa imesongamana nyuma ya nyumba, kupanda hadi mawinguni. Bibi alitangulia kwa fimbo, Rustika nyuma yake, na nyuma ya Rustika akaja Chavala, pombe yote imemtoka. Rustika alihesabu moyoni nani angesikia akipiga kelele. Hakupata mtu.

Bibi Ambina akasimama kwenye kisiki cha mwanzi wa zamani, mnene kama paja, kilichojaa maji ya mvua. Akakigonga kwa ukucha. Kichwa cheusi kikachomoza, bapa, chenye macho ya kulala. Salamanda alipanda ukingoni bila haraka, akakwea mwanzi wa jirani hadi kwenye mbeta iliyofungwa pale, akatia mdomo kwenye povu.

"Nilikuambia siku ya kwanza," bibi akasema. "Ulicheka."

Rustika akachuchumaa kando ya kisiki. Alikuwa ameambiwa mahali, ameambiwa na namna, mbele ya kijiji kizima, na kwa kuwa aliyesema ni mtani, hakupoteza hata dakika moja kuja kutazama.

"Mliwaleta ninyi huku?"

"Nani ana kazi hiyo? Mto ulipoingiwa na ukungu walipanda wenyewe. Tukawakuta kwenye mbeta, tukawatupa, wakarudi. Chavala akajikata kidole, akaosha damu kwa ulanzi ambamo walikuwa wameogelea. Kidole kikaota. Basi tukaacha kuwatupa."

Rustika aliliangalia lile povu. Ulanzi uliochacha ni mkali. Huenda ndio uliokuwa ukiua ukungu kwenye ngozi zao. Matangi ya Taasisi yalikuwa na maji safi, yaliyochujwa mara nyingi, na ndani yake walikufa wote.

"Hiyo pua imeshasema?" bibi akauliza.

"Bado. Hapa mianzi na mawingu vinaizuia. Nikifika kwenye ukingo wa juu, penye anga wazi, yenyewe itatuma habari Taasisi."

"Ifute."

"Haifutiki, Bibi. Walijua watu watashawishika."

Chavala akasogea. Mkono wake ulikuwa kiunoni, karibu na kisu, lakini kisu kilikaa hapo siku zote, na Rustika hakuweza kujua.

"Watatufunga kama Luhomelo," Chavala akasema. "Dada yangu aliolewa Luhomelo. Sasa anaishi kwenye nyumba ya bati huko jotoni, anafagia vumbi asubuhi, jioni analifagia tena."

"Najua," Rustika akasema. "Nilikuwepo."

Ndipo akawaeleza habari za mama yake. Hakukusudia. Alieleza kidonda kilivyoanza kwa kiatu kilichombana, harufu ilivyokuwa, daktari alivyochora mstari kwa kalamu chini ya goti kuonyesha watakapokata. Alieleza na ile ahadi ya Taasisi. Salamanda alikuwa ameshiba, akajirudisha kisikini kinyumenyume.

"Mama yako ana miguu mingapi?" Bibi Ambina akauliza hatimaye.

"Miwili, Bibi."

"Mlete. Huo mbovu tutaufunga ute. Ukitushinda tutamwekea wa mbwa, hapa haikosekani."

Rustika akamtazama usoni. Uso ule haukuwa na kicheko, lakini haukuwa nacho hata siku ile aliposema habari za geti.

"Taasisi wanasema ute mbichi hauponyi vidonda vya sukari. Mpaka upikwe kwao."

"Taasisi wanauza uliopikwa," bibi akasema, akaanza kuteremka.

*

Asubuhi walimsindikiza. Mgeni wa Ivangala hasindikizwi na watu wachache, lakini siku hiyo walikuwa wawili tu, na hilo nalo Rustika alilitilia shaka. Ukungu ulikuwa mzito. Bibi Ambina alitembea polepole, akisimama kupumua. Chavala alibeba mfuko wa mgeni, akatembea nyuma kama jana.

Usiku Rustika hakuwa amelala. Alikuwa amejaribu kuupima moyo wa yule bibi kama alivyoupima mto, kipande kwa kipande. Kama ahadi ilikuwa ya kweli, mguu wa mama ungepona na bonde lingebaki na watu wake. Kama ilikuwa utani, mama angepoteza mguu kwa sababu binti yake ameamini mzaha. Na huenda isiwe ya kweli wala utani. Huenda ni maneno ya mtu anayetaka kukupitisha salama nje ya mlango wake. Mtu wa namna hiyo hakosi la kusema.

Walifika kwenye daraja la magogo. Chini yake mto ulipita kwa kishindo, mweupe, wenye kina. Ng'ambo njia ilipanda moja kwa moja hadi ukingo wa juu. Mawingu yalikuwa yameanza kupasuka huko, na kwenye mpasuko anga ilionekana, safi, ya bluu.

"Miye naishia hapa," Bibi Ambina akasema. "Magoti yangu hayapendi ng'ambo."

Akanyoosha mkono. Rustika akadhani anaagwa, akautoa wake. Bibi hakuushika. Aligusa mkanda wa pua shingoni kwake, akaupapasa kama mwanamke anayechagua kitenge.

"Hiki kidude nimekipenda, mtani wangu. Nakichukua."

Mkono ulibaki palepale. Haukuvuta. Rustika alielewa kwamba hautavuta. Akisema hapana, bibi atauondoa, na yeye atavuka daraja, na baada ya siku chache malori yatapanda. Hakuna atakayemzuia. Atakuwa tu amemnyima mtani, mbele ya shahidi.

"Wakiikosa watatuma mtafutaji mwingine," akasema.

"Watatuma Mngoni mwingine?"

"Sijui. Labda."

"Akija tutamwambia ukweli uleule. Ninyi tunawajua."

Chavala alicheka puani, akajizuia. Rustika hakucheka.

"Bibi," akasema, "nakuomba unijibu kama mtu, si kama mtani. Lile la mama yangu ulilisema kweli?"

Bibi Ambina alimtazama. Ukungu ulikuwa umemganda kwenye nyusi kama chumvi.

"Mwanangu," akasema, "nikikujibu kama mtu nitakuwa naomba. Mimi ni mwenyekiti, ninaomba nisifukuzwe kwangu, na anayeomba huahidi lolote. Sasa utamwamini nani, huyo anayeomba au mtani wako?"

Mto ulinguruma chini yao. Rustika alimwona mama yake akiwa kitandani, mstari wa kalamu chini ya goti. Alimwona na mzee wa Luhomelo mlangoni, akiuliza. Akatamani mmoja wao ampungukie uzito, hata kidogo. Hakuna aliyempungukia.

Akainama, akautoa mkanda shingoni. Hakumpa bibi. Alisogea ukingoni mwa daraja, akanyoosha mkono wake mwenyewe, akafungua vidole. Pua ilizama bila sauti ya kusikika. Kwa kitambo kifupi mwanga wa kijani ulionekana ukienda na maji, halafu mawe yakauficha.

"Mama ni mnene," akasema bila kugeuka. "Na gari haliwezi kupita ukingo wa juu. Atahitaji kubebwa kwa machela, watu wanne."

Akasikia nyuma yake mfuko wake ukitiwa begani upya.

"Wahehe wanne," Chavala akasema. "Wangoni ingebidi wawe wanane."

Rustika aligeuka haraka amtazame. Alitaka kuuona uso huo kabla haujapata nafasi ya kujipanga. Chavala alikuwa ameshampita, ametangulia darajani, mfuko mgongoni, anaipanda njia ya ng'ambo kwa hatua ndefu kuelekea kwenye anga wazi, na alichokiona Rustika ni kisogo chake tu. Akakaza kitenge kiunoni, akamfuata.